Kiungo Aandikishwe Akiwa na Miaka 12

Timothy Ouma alipojiunga na Elfsborg ya Uswidi mwaka 2022, ndio kwanza alikuwa ametimiza miaka 18, akitoka Nairobi City Stars. Mapema mwaka 2025 Slavia Prague ya Czech wakamchukua, kisha wakamtoa kwa mkopo kwa Lech Poznań ya Poland. Hapa Kisumu tumemfuata kwenye simu hatua kwa hatua, na mimi ni mmoja wa wanaomshangilia. Ila kila nikisoma habari za kijana wetu kuhamia Ulaya, huwa nawaza wale waliomfunza alipokuwa mdogo. Majina yao yameandikwa mahali?

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Timu yetu ya mtaa hapa Manyatta ilimlea kiungo mmoja tangu darasa la sita hadi alipofika miaka 17. Kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshageuza shingo mara mbili kuangalia nani yuko nyuma yake. Pasi yake ya kwanza ilikuwa ya mbele. Hakufunga mabao, na watu waliosimama kando ya uwanja walipiga kelele kila Jumamosi ahamishwe akacheze ushambuliaji. Kocha wetu akakataa. Akamwacha pale katikati, akosee, apokonywe mpira, ajifunze. Mama mmoja jirani alimnunulia viatu kwa mkopo. Kijana alipokuja kusajiliwa nje ya nchi, ushahidi tuliokuwa nao kwamba sisi ndio tuliomfunza ni daftari la mahudhurio lililolowa mvua. Hatukupata hata shilingi. Kosa lilikuwa letu, na linaniuma mpaka leo.

Kanuni za FIFA ziko wazi. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomfunza kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka kuanzia 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Chukua ada ya shilingi milioni 100: klabu iliyokaa naye akiwa na miaka 16 na 17 inastahili shilingi milioni 1. Kwa timu yetu hiyo ni mipira, nyavu, jezi na nauli za mechi za ugenini kwa miaka kadhaa. Na si kwa uhamisho mmoja tu. Mgao huo unarudi kila anapouzwa tena.

Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia ofisi maalum ya FIFA iliyoko Paris, inayofuata kumbukumbu za usajili za kielektroniki. Sasa kumbuka daftari letu lililolowa.

Huku magharibi mwa Kenya tuna tatizo la ziada. Vijana wetu wengi hupitia shule za bweni, na miaka ile yenye mgao mkubwa wanaitumia Kakamega, Musingu au Kitale. Shule hizo zimelea vipaji kwa miongo mingi, nami naziheshimu sana. Lakini shule si klabu iliyosajiliwa na shirikisho la soka, kwa hiyo kijana anayechezea shule peke yake anabeba pengo katika historia yake. Timu ya mtaa inayompokea likizo za Aprili, Agosti na Desemba haina budi kumweka kwenye usajili wake muda wote huo.

Wako wanaosema usajili wa mapema utawapa viongozi wa timu nafasi ya kuwashika vijana mateka. Hofu hiyo si ya bure, maana nimeona mchezaji akizungushwa wiki nzima kwa ajili ya barua ya kumwachia. Kiongozi wa namna hiyo aondolewe. Ila ule mgao hautoki mfukoni mwa kijana, unakatwa kwenye fedha zinazolipwa na klabu inayonunua. Kumzuia mchezaji asiende ni kujinyima mwenyewe.

Tumezoea kungoja mdhamini. SoNy Sugar ya Awendo, klabu ya kampuni ya sukari, walikuwa mabingwa wa nchi mwaka 2006, na msimu wa 2019/20 wakaondolewa ligini kwa kukosa kufika mechi tatu. Klabu inayoegemea mfuko mmoja huanguka siku mfuko huo ukitoboka. Mgao wa kiungo mmoja hauwezi kuiokoa klabu ya ligi kuu, nakubali, lakini unaiweka timu ya mtaa kwenye miguu yake.

Mwaka huu tumeanza upya. Tuna faili moja isiyopenya maji, na ndani yake kila mtoto ana nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha mbili, na karatasi iliyotiwa saini na mzazi. Cheti ndicho kinachotusumbua zaidi, kwa sababu wengi walizaliwa nyumbani au wazazi wamehama mara kadhaa. Tuna namba nane mmoja mwenye miaka 12, mguu wa kushoto, mtulivu kama mzee. Bado hana cheti. Jumatatu mama yake hafungui kibanda chake cha samaki. Tunaenda naye kwa msajili wa vizazi, na mimi ndiye ninayelipa nauli.