Sisi tuliowahi hospitali je?

Mwandishi wa makala ya maumivu ya tumbo anasema wagonjwa wa tumbo tunachelewa kufika hospitali kwa sababu tunakimbilia duka la dawa. Sawa, wapo. Lakini sisi tuliowahi je? Niko Uyole, Mbeya, na huu ni mwaka wa nne naumwa tumbo. Maumivu yanakaa chini ya kitovu, upande wa kushoto, usiku yananyonga kama mtu anayekamua shuka. Daftari langu limeandikwa "taifodi" mara sita. Mara sita! Na kila mara ni kile kipimo cha Widal, ambacho hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta kinga ambayo mwili umetengeneza. Uliugua zamani, kinaweza kusoma kama unaumwa sasa. Una malaria, kinaweza kudanganyika. Dawa nimemeza, tumbo liko palepale.

Utrasaundi ikatoka safi, nikaambiwa nipunguze mawazo. Mama mkwe kule Tukuyu akasema nimetupiwa kitu, akaniletea mizizi kwenye chupa ya soda. Nilikunywa, sioni aibu kusema.

Mwezi uliopita daktari mmoja kijana ndiye aliyeniuliza: "Dada, yanafuatana na hedhi?" Miaka minne hakuna aliyeuliza hilo! Akanieleza kuhusu endometriosisi, ugonjwa ambao nyama kama ile ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi inaota nje ya mfuko, kwamba utrasaundi inaweza isiione kabisa. Hajasema ndiyo yenyewe. Kaniambia niandike kwanza.

Basi kalenda ya ukutani imejaa: duara ni maumivu, msalaba ni damu. Misalaba na maduara vimeanza kukaa pamoja. Jumatatu naibandua, naikunja kwenye mkoba, narudi nayo.