Mchango wa Bima Ufuate Msimu wa Kipato, na Serikali Itangulie Kulipa

Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, mazungumzo mengi ninayoyasikia hapa Moshi yamekuwa juu ya kiasi cha mchango, yaani kaya italipa shilingi ngapi kwa mwaka. Swali hilo ni la haki, lakini kwangu linakuja la pili. La kwanza ni nani atakayemlipia asiye na uwezo, na fedha hizo zitaingia lini kwenye mfuko.

Mtumishi wa umma alipata jibu lake zamani. Tangu mwaka 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) hupokea asilimia 6 ya mshahara wake, nusu ikitoka kwake na nusu kwa mwajiri, na makato hufanyika kabla fedha haijamfikia mkononi. Mpagazi wa Mlima Kilimanjaro hana utaratibu wa namna hiyo. Kipato chake hufuata watalii, na mvua za masika za Aprili humkuta akihangaika na vibarua. Mkulima wa kahawa wa Kibosho au Marangu naye hushika fedha ya maana baada ya kuuza mavuno. Kumtaka kila mmoja wao alipe mchango wote kwa mkupuo, wakati wowote kadi inapoisha muda, ni kumwekea sharti ambalo hata mwenye nia njema hulishindwa. Vyama vya msingi vya ushirika vinajua kukata deni la pembejeo kwenye malipo ya mkulima, na mchango wa bima ungeweza kupita njia hiyo hiyo. Kwa mpagazi ukatwe kidogo kidogo kwenye ujira wa kila safari, na kampuni inayompandisha mlimani ichangie sehemu yake kama mwajiri mwingine yeyote.

Naunga mkono ulazima wa kujiunga, ingawa najua wengi hawaupendi. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF iliyokuwa ikilipiwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ilisitishwa mwaka 2023 baada ya gharama za matibabu kuizidi mno michango, kwa kuwa wazazi wengi waliandikisha watoto ambao tayari walikuwa wagonjwa. Siwalaumu wazazi hao. Mzazi gani angefanya vingine? Mfuko unaongoja wagonjwa peke yao lazima utakauka.

Hata hivyo, ulazima bila Serikali kuwalipia maskini hugeuka kuwa adhabu. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanze mwaka 1993, tumekuwa na msamaha kwa wazee wasio na uwezo, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Nia ya msamaha huo ni nzuri, lakini mara nyingi hauambatani na fedha. Mzee hutibiwa, hospitali hubaki na gharama, dawa hupungua ghalani, na mgonjwa anayemfuata, hata akiwa na kadi yake, huandikiwa karatasi akanunue nje. Kwa maoni yangu hapa ndipo imani ya wananchi katika bima ilipovunjikia, kuliko hata kwenye bei yake.

Mwaka 2001, pale Abuja, nchi za Afrika, Tanzania ikiwemo, ziliahidi kutenga walau asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na bajeti zetu za karibuni hazijafika hapo. Sheria ya 2023 imetaja vyanzo vya kuwagharamia wasio na uwezo, vikiwemo kodi za vinywaji vyenye kaboni, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Naomba mapato hayo yapelekwe kwenye mfuko kila mwezi bila kupitia matumizi mengine, na kiasi kilichopelekwa kitangazwe hadharani. Kaya maskini zilizokwisha kutambuliwa na TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, ziandikishwe kwanza, ili mzee anayetibiwa katika hospitali ya Mawenzi hapa Moshi wiki hii awe amelipiwa kabla hospitali haijaagiza dawa nyingine Bohari ya Dawa.