Uraibu na simu ya mkononi: nani anapokea upande wa pili?

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uliliweka eneo la Magharibi mbele ya mengine yote kwa unywaji wa pombe: asilimia 23.8 ya wakazi wa umri wa miaka 15 hadi 65. Kitaifa alikuwa mtu 1 kati ya 8, na 1 kati ya 20 alikuwa tayari amefikia uraibu. Ukizilinganisha takwimu hizo na vitanda vya kutibu waraibu vilivyopo kati ya Nakuru na Busia, utaona mara moja kwamba havitoshi na havitatosha karibuni. Hapo ndipo simu inapoingia. Maafisa wa kaunti, mashirika na vijana wa teknolojia wa Kisumu wana wazo moja: mtu asipoweza kufika hospitali, huduma imfuate mfukoni.

Naliunga mkono wazo hilo, ila si kwa namna linavyouzwa.

Tuanze na faida. Simu inaondoa vikwazo viwili ambavyo vimewakwamisha wengi: nauli na macho ya watu. Anayeishi Ndhiwa au Butere akitaka kuwaona wataalamu wa hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret, atatafuta nauli ya kwenda na kurudi, atapoteza kibarua cha siku, na kabla hajapanda matatu ameshaulizwa stejini anaelekea wapi. Namba 1192 ya NACADA haitozi kitu, inapatikana saa 24, na unaweza kuipiga kwa kabambe, ile simu ya kawaida ya vitufe, isiyo na salio hata la senti.

Ushahidi pia upo. Mwaka 2020 jarida la Addiction lilichapisha jaribio lililofanywa mashambani hapa Kenya kwa watu wazima 300 waliokuwa na tatizo la unywaji. Baadhi walizungumza na mhudumu wa afya ana kwa ana, wengine wakapigiwa simu, wengine wakawekwa kungoja zamu. Mwezi mmoja baadaye, waliopigiwa simu walikuwa wamepunguza kunywa kuliko waliongoja, na hawakupitwa na wale walioketi na mhudumu uso kwa uso. Zingatia kilichotumika: sauti ya mtu aliyefunzwa kumsikiliza mnywaji bila kumkemea, akimsaidia azitaje mwenyewe sababu zake za kupunguza. Mwezi mmoja, hata hivyo, ni muda mfupi. Aliyewahi kuishi na mraibu anajua mwezi wa kwanza wa "nimeacha" ulivyo mtamu.

Eldoret nako watafiti walijaribu tiba ya mazungumzo katika vikundi, vikao 6, kwa wagonjwa wa HIV wanaokunywa. Jumla ya watu 614 walishiriki jaribio hilo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: waliopata tiba hiyo walipunguza pombe kuliko wenzao waliofundishwa tu kuhusu maisha yenye afya. Walioendesha vikao hawakuwa madaktari, walikuwa washauri wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Ukizisoma tafiti hizi pamoja, unaona kwamba kazi kubwa inafanywa na mtu anayezungumza na mwenzake. Simu inafupisha safari tu.

Sasa tazama kinachopendekezwa mara nyingi: programu ya kupakua, yenye rangi nzuri, inayotaka simu ya kisasa na bando. Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 47.3 ya Wakenya wa miaka 3 na zaidi wana simu, lakini ni asilimia 22.6 tu waliotumia intaneti. Viwango vimepanda tangu hapo, lakini anayenunua glasi ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji, kwa deni hatanunua bando ili ahesabiwe glasi zake.

Programu hizi hupenda kuanza na maswali. Dodoso maarufu zaidi ni AUDIT la Shirika la Afya Duniani: maswali 10, alama 0 hadi 40, na ukifika 8 unywaji wako unahesabiwa kuwa wa hatari. Ni dodoso zuri, na kwenye simu linamalizika kwa dakika chache. Ila jaribu kulijibu ukiwa umetoka kunywa busaa Shinyalu. Swali la 2 linataka ujue unakunywa vipimo vingapi katika siku ya kunywa. Wazee wamezunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na maji moto yanaongezwa kila kinachomo kikipungua. Hivyo ni vipimo vingapi? Chang'aa nayo hupimwa kwa glasi ya mama pima, yaani mwanamke anayeiuza, na ukali wake hutegemea nani kaipika na kaipika vipi. Kwa upande mwingine, swali la 6, linalouliza kama huhitaji kinywaji asubuhi ili uweze kuanza siku, mnywaji wa Kondele atalielewa papo hapo ukimwuliza kama huwa anatoa loki, yaani kunywa asubuhi ili kuondoa uchovu wa ulevi wa jana. Mshauri kwenye simu anaweza kuliuliza hivyo, na akisikia kimya, akaligeuza kwa Kiluo au Kiluhya. Kioo cha simu kinangoja tu ubonyeze namba.

Hatari kubwa zaidi ni ya kitabibu, na nashangaa inavyotajwa kwa nadra. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka akiacha ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha akachanganyikiwa, akaona visivyokuwepo, hata akafa. Ujumbe wa saa 12 asubuhi wa kumtia moyo asiguse tone leo, ukimkuta mtu wa aina hiyo peke yake chumbani kule Rhonda, unaweza kumuua. Anahitaji dawa na mtu wa kumwangalia. Chombo cha simu kisichoweza kumtambua mapema, kikamtajia kituo kilicho wazi na chenye nafasi, ni heri kisimshauri kuacha.

Kuna pia suala la siri. Simu inasifiwa kuwa ya faragha, lakini vijijini Siaya au Kuresoi simu moja hutumiwa na nyumba nzima, na pengine hushinda kwenye kibanda cha kuchaji, kikaratasi chenye jina kimebandikwa mgongoni. "Habari, una siku ngapi bila kunywa?" inatokea kwenye kioo mbele ya mwenye kibanda na wateja wake. Kwa mvutaji bangi hilo linapita aibu. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inamhesabu kuwa mhalifu, na NACADA hiyohiyo yenye namba ya msaada huonekana kwenye habari ikiwa kwenye msako pamoja na polisi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, sawa. Lakini mama wa Bondeni anayetaka kumpigia mwanawe simu ya msaada anajiuliza jambo moja: chifu atajua?

Wengine watasema tuwatumie wahamasishaji wa afya ya jamii, wale zaidi ya 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023 kwa mikoba ya vifaa na simu za kisasa. Tayari wanapita nyumba kwa nyumba wakijaza taarifa kwenye simu hizo, na kuongeza maswali ya pombe ni kazi ndogo. Nguvu yao ni kwamba ni majirani, na udhaifu wao ni huohuo. Mhamasishaji huenda ni shemeji wa mama pima, au anaimba kwaya moja na mke wa mgonjwa. Posho yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, zikichangiwa nusu kwa nusu na serikali kuu na kaunti. Tusimbebeshe siri za kijiji kizima kwa pesa hizo. Kwangu mimi, hatua ya kwanza iwe sauti ya mtu asiyekujua. Jirani aingie baadaye, mgonjwa mwenyewe akikubali.

Halafu simu yenyewe ina uraibu wake. Vijana wengi wa Nakuru na Kisumu hawahitaji kwenda kilabuni ili wapotee. Wanabeti kitandani, dau linalipwa kwa M-Pesa, na pesa zikiisha kuna mkopo wa simu. Mwezi Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, siku zikaisha. Kumwambia kijana wa namna hiyo afungue kioo kilekile ili apate ushauri ni kama kumpangia mlevi miadi ndani ya baa. Hapa tena simu ya kupiga na kuongea inaishinda programu.

Asiyetajwa kabisa kwenye mipango hii ni mama pima. Chang'aa ya Obunga imelipa karo na kodi za nyumba, na mteja akipona, kuna jikoni inayopoa. Sheria ya mwaka 2010, iliyosukumwa na John Mututho alipokuwa mbunge wa Naivasha, iliihalalisha chang'aa iliyotengenezwa kwa viwango na kutiwa kwenye chupa. Mpishi mdogo hakuwa na mtaji wa kufika huko, akabaki kukimbizana na askari. Programu humwona mnywaji kama mtu mmoja na simu yake. Huku kwetu watu hunywa kwa kikao, matangani, na siku ya mavuno.

Gavana akizindua chombo kama hiki, ningemwuliza mambo manne: zamu ya usiku ina washauri wangapi, wanaongea lugha zipi, nani atawalipa mfadhili akiondoka, na SHA, bima ya afya ya serikali, italipia nini mpigaji akitumwa hospitali. Nami nikipewa bajeti ningeanza na wale wanaotoka kwenye vituo vya kurekebisha tabia, kwa sababu wanajulikana na kurudia kunywa kwao kunatabirika. Anayetoka Jumamosi apigiwe Jumatatu, kisha kila wiki kwa miezi mitatu, saa aliyoichagua yeye, na mshauri yuleyule. Na kwa kuwa laini hupotea na kubadilishwa kila mara, aache pia namba ya mtu mmoja anayemwamini.