Jina la shangazi halikuwamo daftarini

Ramadhani ya 2020, mwaka wa korona, shangazi yangu hakuweka karai jikoni. Mtu wa Mombasa ameshanielewa. Kwa wasomaji wa kwingine nieleze: tangu nipate akili, mwezi wa mfungo ukifika na alasiri ikishaswaliwa, shangazi huweka meza mlangoni pake Mji wa Kale, akawasha jiko, na mpaka adhana ya magharibi huwa ameuza viazi karai, bajia na kaimati sahani baada ya sahani. Mwezi huo mmoja ndio unaobeba miezi yake mingine. Humo hutoka kodi ya chumba, deni la dukani na sare za wajukuu.

Mwaka ule mfungo uliingia mwishoni mwa Aprili. Ilipofika tarehe 6 Mei, amri ikatoka Nairobi: Mji wa Kale hakuna kuingia wala kutoka, sawa na mtaa wa Eastleigh huko Nairobi. Siku 15, ndivyo tulivyoambiwa. Zikaongezwa. Idi tuliswali majumbani, yeye kwake, mimi Likoni ng'ambo ya maji, na vizuizi havikuondolewa mpaka Juni. Wateja wake wa Majengo na Mwembe Tayari walibaki nje ya vizuizi. Na hata wangeruhusiwa kupita, kafyu ilianza saa moja jioni, mtu hajamaliza vizuri kufuturu.

Siandiki haya kupinga kufungwa. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na tumezika watu. Mji wa Kale nyumba zimebanana, vichochoro vyake watu wawili wakipishana hugusana mabega, na familia tatu hupanda ngazi moja. Aliyeogopa virusi visienee pale aliogopa kwa haki. Ninachosema ni kwamba serikali ikimfungia mtu mlango, imechukua dhamana ya chungu chake siku hiyo hiyo. Na chungu hicho hakijazwi na wizara iliyo Nairobi. Atakayekijaza ni kaunti, wadi na mtaa, kwa sababu hao ndio wanaoweza kujua kilicho tupu ni cha nani. Kaunti zetu ziliingia 2020 bila kujua hilo, na mpaka leo sioni kama tumelishughulikia inavyostahili.

Mzee wa mtaa alipita na daftari la shule kuandika majina ya watakaopewa chakula. Namjua, ni mtu mwema, na siku zile alitembea kwa miguu kuliko mtu wa umri wake anavyopaswa kutembea. Lakini alipewa siku mbili, na hakuna aliyemwambia mhitaji ni nani. Akaandika kwa macho. Mwenye nyumba ya mabati aliandikwa. Mjane anayejulikana aliandikwa. Alipofika kwa shangazi akatazama juu, akaona ghorofa mbili za mawe na mlango wa nakshi, akapita. Nyumba yenyewe ni ya wakfu. Shangazi ana chumba kimoja cha juu, na paa huvuja kila masika.

Nilimpigia simu usiku. "Shangazi, wamekuandika?"

"Hawakuniandika, mwanangu. Wanasema mimi ni mtu wa ghorofani."

Nilimfuata afisa mmoja kulalamika. Akaniambia nisubiri awamu ya pili. Awamu ya pili ilipofika, walikuja na daftari lile lile.

Chakula kilitoka, na ni haki kulisema hilo. Kaunti ya Mombasa chini ya Gavana Hassan Joho ilianzisha mpango wa kuzilisha kaya, ikakusanya michango ya wahisani, na malori yakapita mitaani. Walioandikwa walikula. Lakini hapa mjini umaskini hauonekani kwa kutazama paa. Kuna fundi cherehani wa Kibokoni anayevaa kanzu iliyopigwa pasi na hana akiba ya siku tatu. Kuna mhudumu wa hoteli ya ufukweni aliyekuwa na mshahara mpaka ndege za abiria kutoka nje zilipokatazwa mwishoni mwa Machi. Aprili alikuwa hana kitu, lakini sofa lake liko pale pale sebuleni na televisheni iko ukutani. Daftari linaloandikwa kwa macho halimwoni mtu huyu. Akienda mwenyewe kuomba, huonekana ana tamaa.

Halafu kuna mama wa Kisauni. Wengi mtamkumbuka, maana habari yake ilizunguka dunia nzima mwishoni mwa Aprili mwaka ule. Mjane, watoto wanane, kazi yake kufulia watu nguo. Watu walipoanza kuogopa kuingiza wageni majumbani, vibarua vya kufua vikakatika. Usiku mmoja akainjika mawe kwenye sufuria, watoto wadhani chakula kinaiva, wapitiwe na usingizi wakisubiri. Jirani alisikia watoto wakilia, akaenda kuangalia, akawaita waandishi wa habari. Pesa zikaanza kuingia kwa simu kutoka kwa Wakenya wasiomjua. Mpango wa serikali wa kulisha wahitaji ulikuwapo tayari. Ulikuwa haujafika mlangoni pake.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi, na kila mara narudi kwa yule jirani. Hakuwa na cheo wala bajeti. Alikuwa na ukuta mmoja na yule mama, basi, na alichokijua kilikuwa na thamani kuliko malori yote. Kwa nini hakukuwa na mtu wa kumpelekea habari ile, mwenye wajibu wa kuipokea, mpaka ikabidi iende kwa waandishi wa habari kwanza?

Hata upande wa afya mambo yalikwenda hivyo. Mwanzoni, aliyepelekwa karantini alitakiwa kujilipia, na kwa anayekula kwa kibarua, siku 14 za kulipia kitanda ni deni la mwaka. Watu wakaukimbia upimaji. Viongozi wakasema wakazi ni wakaidi. Mimi niliwasikia wakazi wenyewe wakipiga hesabu: nikipimwa na nikapatikana nao, nani atalipa, na huku nyumbani watakula nini? Serikali ilitangaza kuondoa gharama hiyo kwenye vituo vyake vya umma siku ile ile ya 6 Mei ilipoufunga Mji wa Kale. Mjini petu karibu kila mtu alisikia tangazo la kufungwa. La malipo wengi walilisikia baadaye, na kwa mashaka.

Tena chukua kivuko cha Likoni. Watu wapatao laki tatu huvuka kwa siku. Mtoto wa darasa la tano wa huku kwetu anajua kwamba saa kumi na saa kumi na moja jioni foleni ya kurudi Likoni hufika mbali, na kwamba wakati ule feri ikichelewa mwenda kwa miguu hakuwa na njia nyingine. Kafyu ya saa moja ilipoanza tarehe 27 Machi, watu walitoka makazini mapema, wakajazana kivukoni wakiiwahi. Polisi wakawapiga mabomu ya machozi na virungu kabla saa ya kafyu haijafika. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa nguvu iliyotumiwa na polisi. Lakini hebu fikiri: wale waliokuwa wamekatazwa kukaribiana walibanwa pamoja, wakakohoa na kutokwa na machozi pamoja. Mtu mmoja wa Likoni angekuwa kwenye meza iliyopanga saa ya kafyu angeuliza feri ngapi zinafanya kazi. Mwishowe likajengwa daraja la kuelea la Liwatoni, watembea kwa miguu wakaanza kulitumia Januari 2021. Lilisaidia, ila lilifika miezi tisa baada ya siku ile.

Mtu ataniuliza, kaunti ingefanya nini nayo haikuwa na pesa? Swali ni la haki. Katiba ya 2010 imeipa kaunti hospitali zake, zahanati, ambulensi, masoko, na hata kudhibiti majanga, limo kwenye Jedwali la Nne. Pesa nyingi za kuyafanya hayo hutoka hazina kuu. Zile inazokusanya yenyewe hutoka kwenye vibali vya biashara, maegesho ya magari, ushuru wa soko. Yaani mwenye kibanda akifungiwa, kaunti nayo imefungiwa mfuko. Na katikati ya janga, Seneti ilivutana kwa miezi juu ya fomula ya kugawa pesa za kaunti. Magavana wakatishia kusitisha huduma, mpaka yakapatikana maafikiano Septemba 17. Wauguzi waliokuwa wakivaa barakoa moja siku nzima walikuwa wakisubiri mshahara wakati wabunge wanahesabu kura. Desemba wauguzi na matabibu wakagoma, kisha madaktari nao, baada ya daktari mwenzao wa miaka 28, aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa korona Machakos, kufariki kwa ugonjwa huo huo huku akidai mishahara ya miezi. Hilo sitalipitia haraka kwa sababu ya takwimu nyingine. Alikuwa na mtoto mchanga.

Bado nasema pesa si jibu lote. Tazama Kitui. Kaunti ile, wakati wa Gavana Charity Ngilu, ilikuwa imeanzisha kiwanda cha nguo, KICOTEC, miaka miwili kabla ya korona, kikishona sare za shule na kuajiri vijana wa huko. Barakoa zilipokuwa adimu na ghali, mafundi walibadilisha kitambaa wakaanza kushona barakoa. Kitui si kaunti tajiri. Ilikuwa na vyerehani, umeme na watu waliokwisha kufunzwa. Sisi Mombasa tuna mafundi cherehani wa kutosha kuvisha pwani nzima, na wengi wao walikaa vibarazani mwao mikono mitupu kwa miezi.

Serikali kuu nayo iliitaka kila kaunti iandae vitanda 300 vya kuwatenga wagonjwa. Mombasa iliandaa vyake Chuo Kikuu cha Kiufundi, na kazi ile niliisifu wakati huo na naisifu bado. Kitanda kinahesabika. Gavana anaweza kukizindua, kamera zikakipiga picha. Orodha ya wanaokula kwa siku haina utepe wa kukatwa, na nadhani hiyo ni sababu moja kubwa ya kutokuwepo kwake.

Sasa ipo nafasi ambayo 2020 haikuwapo. Tangu Septemba 2023 tuna wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya laki moja nchini, kila mmoja na kaya zake kama mia hivi, mkoba wa vipimo, na simu ya kuandikia taarifa. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Hawa wanaingia ndani. Wanapanda ngazi. Wanajua nani wa ghorofani analala na njaa, kwa sababu wamekaa kitandani kwake kumpima presha. Mzee wetu wa mtaa hakupata kuwa na kitu kama hicho.

Ninalotaka ni dogo. Kwenye maswali yale wanayouliza kila nyumba, liongezwe moja: kipato chenu kinatoka wapi, na kikikatika leo mtakula kwa siku ngapi? Majibu yakae kwenye wadi, kwa siri kama yanavyokaa majibu ya ugonjwa, yasiwe ya mwanasiasa kutembelea nayo wakati wa kura. Posho za wahamasishaji zilipwe kwa wakati, maana mtu anayedai miezi minne hatapanda ngazi ya shangazi. Na hazina ya dharura ya kaunti, ile ambayo sheria ya fedha za umma ya 2012 inairuhusu, iwe na pesa ndani yake kila mwaka wa fedha unapoanza Julai, hata ikiwa korona haipo. Mafuriko tunayo. Kipindupindu tunacho. Vikao vya kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti huitwa kila mwaka, na safari hii nimemwomba shangazi twende wote, akaseme mwenyewe. Amekubali, kwa sharti kikao kiwe asubuhi.

Ramadhani iliyopita meza yake ilikuwa mlangoni kama zamani. Nilimkuta mhamasishaji wa mtaa ule, binti mdogo mwenye heshima, amekuja kumpima sukari na presha. Aliandika namba zote mbili kwenye simu, akafungiwa kaimati za shilingi hamsini za kufuturia, akaaga. Nilimuuliza kama kuna mahali pa kuandika kwamba ile meza ndiyo mshahara wa bibi huyu wa mwaka mzima. Akairudia simu, akapekua ukurasa baada ya ukurasa, kisha akatikisa kichwa.