Mzuka wa Giga 170

Waya niliuchomoa mimi. Nakiri mapema ili tusisumbuane. Simu ilikuwa imebaki na asilimia 2, tundu la USB lililokuwa karibu lilikaliwa na diski yangu ya nje, nikajiambia nitairudisha baadaye. Hiyo baadaye ikawa siku kumi.

Diski hiyo ndiyo ilikuwa ikipokea nakala za akiba. Kila usiku saa nane, mimi nikikoroma, skripti (orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe) niliyoiandika kwa mbwembwe zangu zote hufungua folda mpya yenye tarehe ya siku ndani ya /mnt/bakapu, folda ninakoipachika diski hiyo, na kumwaga humo giga 17 za picha na nyaraka. Unadhani ililalamika diski ilipotoweka? Wala! Kwenye Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, hakuna cha diski D wala diski E kama kwenye Windows. Kuna mti mmoja tu, unaoanzia kwenye ule mkwaju, /, na diski ukiipachika inatandikwa juu ya folda kama mkeka sakafuni. Ukiukunja mkeka, sakafu ipo palepale. Basi skripti yangu ikawa inamwaga mzigo sakafuni, yaani kwenye diski ya ndani, na kila asubuhi inaniandikia "imefaulu".

Siku ya kumi na moja kompyuta ikagoma: diski imejaa. Nilichofanya hapo nakionea haya hadi leo. Nilikimbilia diski ya nje nihamishie vitu, nikaichomeka, nikaipachika. Funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe ndiye mimi.

Amri ya df, inayopima nafasi ya diski, ikasema giga 230 zote zimetumika. Nikaiambia du, inayojumlisha ukubwa wa mafaili, kwa -x, ihesabu bila kutoka nje ya diski ya ndani. Ikapata 60. Nikarudia. 60. Giga 170 zimeyeyuka!

Nikaanza kufuta. Zikaenda filamu, kisha nikaingia picha za harusi ya dada. Nilianza na zenye ukungu, nikaona hazitoshi, nikafuta shemeji wote waliofumba macho. Ni wengi kuliko nilivyodhani. Nikaambulia giga 4.

Jioni, hoi, nikaamua kuitoa diski. Nikaandika umount (ndiyo, haina n baada ya u, na nimewahi kupoteza nusu saa kwa sababu hiyo). Ikakataa: hapo pana shughuli. Shughuli ya nani, nami naishi peke yangu? Nikaita lsof imtaje mhusika. Ikamtaja bash, programu inayopokea amri ninazoandika, na mwenye bash ni jina langu. Teminali yangu yenyewe ilikuwa imekaa ndani ya /mnt/bakapu. Nilikuwa navuta mkeka nilioukalia.

Nikatoka kwa cd /, nikaandika umount tena, kimya. Nikachomoa diski, nikaishika mkono wa kushoto. Kwa mazoea tu, mkono wa kulia ukaandika ls /mnt/bakapu, yaani nionyeshe kilichomo.

Folda kumi zikajipanga kwenye skrini.

Nikaitazama diski mkononi, waya unaning'inia. Nikatazama skrini. Kiti kikarudi nyuma chenyewe. Ilinichukua muda kuthubutu kusoma tarehe: kwenye diski, folda zilikuwa zimeishia tarehe 3, hizi zilianza tarehe 4. Mzuka ulikuwa chini ya mkeka siku nzima, na aliyeutandika mkeka ni mimi.

Usiku huo skripti ikapata mstari mpya juu kabisa, mountpoint -q /mnt/bakapu || exit 1: pasipo na diski, nenda kalale. Nilikuwa tayari kuzifuta folda zote kumi, kidole kikiwa juu ya kitufe, nilipowakumbuka mashemeji. Nikaichungulia ya tarehe 12. Wamo! Nikawarudisha kwa mv, amri ya kuhamisha, na kwa kuwa ni ndani ya diski ileile hakikunakiliwa kitu, ni anwani tu iliyobadilika, kufumba na kufumbua.

Wao hawajafumbua hadi leo.