Mzio wa chakula kwenye safari ndefu ya ndege: nani abebe jukumu?

Tangazo linalozua ubishi ni lile lile kila mara. Kabla ndege haijaruka, mhudumu anashika kipaza sauti na kuwaomba abiria wasile karanga wala korosho, kwa kuwa ndani yumo mtu mwenye mzio mkali. Wapo wanaorudisha pakiti zao mkobani bila neno. Wapo wanaonung'unika kwamba nao wamelipa nauli, na safari yenyewe ni ya kukaa angani saa 12. Mwenye mzio, ambaye sasa kila jirani anajaribu kumtambua kwa macho, anabaki hajui kama tangazo limempunguzia hatari au limempunguzia hofu tu.

Wanaotaka mashirika ya ndege yabebe jukumu wana hoja nzito. Mlango ukishafungwa, abiria hana pa kukimbilia. Juu ya bahari, kutua kwa dharura kunaweza kuchukua muda mrefu, ilhali mshtuko wa mzio unaweza kumwangusha mtu ndani ya dakika chache. Halafu chakula cha ndegeni amekilipia ndani ya nauli. Kumwambia akae saa 12 na biskuti zake ni kumuuzia nusu ya huduma kwa bei kamili. Nchi kadhaa zimelikubali hili kisheria. Kanada inayataka mashirika makubwa yamtengee mwenye mzio mkali eneo la viti la kumkinga na chakula kinachomdhuru. Marekani, mwaka 2019, Wizara ya Uchukuzi iliamua kwamba American Airlines ilivunja sheria ilipowanyima wenye mzio wa karanga nafasi ya kupanda mapema ili wafute viti vyao. Kwa maneno mengine, hili liliamuliwa kama haki ya abiria, halikuachwa liwe hisani ya mhudumu.

Upande wa pili nao hausemi uongo. Mashirika mengi huandika wazi kwamba hayawezi kuahidi ndege isiyo na karanga, na ni kweli hayawezi. Abiria mia tatu wanapanda na mikoba yao, na hakuna anayekagua andazi la mtu. Kiti ulichopewa kimekaliwa na mwingine saa mbili zilizopita. Chakula kimepikwa na kampuni ya upishi inayohudumia mashirika kadhaa katika jiko moja. Ahadi isiyotimizika ni hatari kuliko kukosa ahadi, kwa sababu anayeiamini hulegeza tahadhari.

Kabla ya kuchagua upande, tuangalie kwanza hewa, maana ndiyo inayoogopwa zaidi. Mwaka 2024 watafiti wa Uingereza walichapisha mapitio yaliyoombwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, na hawakupata ushahidi kwamba chembe za karanga husafiri hewani ndani ya ndege kwa kiasi cha kuleta madhara makubwa. Ndege kubwa za kisasa hubadilisha hewa yake mara 20 hadi 30 kwa saa, na vichujio vyake vya HEPA hunasa zaidi ya asilimia 99 ya chembe ndogo. Harufu ya karanga inayokufikia puani haibebi protini inayoleta mzio. Samaki na kamba ni tofauti kidogo, kwa kuwa mvuke wa kuwapika unaweza kubeba protini hiyo, ila ndani ya ndege chakula hupashwa moto tu kikiwa kimefunikwa.

Hatari halisi iko mikononi na mezani. Mtu hula karanga, anashika meza ya kukunja, kitufe cha kiti na skrini, kisha anayekuja baada yake anashika hapo hapo na kula mkate kwa vidole. Kwa mtoto mdogo anayelamba kila kitu, hiyo ni njia fupi kabisa. Dawa yake ni ndogo: kitambaa chenye unyevu cha kufutia, na sabuni. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba sabuni na vitambaa hivyo huondoa protini ya karanga mikononi, lakini jeli ya kuua vijidudu huiacha. Wengi hujipaka jeli wakidhani wamejisafisha, nao wameisambaza tu.

Kwa hiyo kupanda mapema kufuta kiti kuna maana kubwa kuliko tangazo. Tangazo silidharau, linaweza kumzuia jirani wa kiti cha kando, na kwa mzazi mwenye mtoto hilo si dogo. Ila likifanywa ndiyo kinga yenyewe, tumekosea mlango.

Sasa trei. Mwenye mzio huagiza chakula maalumu saa 24 au 48 kabla ya safari, na mhudumu humletea mapema kuliko wengine, kikiwa na karatasi ya namba ya kiti na herufi nne. GFML ni chakula kisicho na gluteni, yaani protini ya ngano. NLML ni chenye laktosi (sukari ya maziwa) kidogo au kisicho nayo. Herufi hizo huahidi jambo moja tu. Chakula cha GFML kinaweza kuwa na lozi, ufuta, maziwa na yai, na bado hakijavunja ahadi yake. Mtu mwenye mzio wa ufuta hana herufi zake kwenye orodha ya kawaida, hivyo huchagua kinachokaribia na kubahatisha kilichobaki. Funua ile foili: kuna wali na mchuzi usioandikwa kitu, pembeni kakopo ka mchuzi wa kachumbari kenye lebo ya herufi ndogo mno, na mkate ambao pengine mhudumu ameuongeza kwa ukarimu kutoka kikapu cha abiria wote. Mkate huo haukutoka katika chakula maalumu. Nisisitize hili, maana ukarimu wa namna hiyo huweza kuharibu kazi yote iliyofanywa jikoni.

Sheria nayo ina mwisho wake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169/2011 inataka vyakula 14 vinavyoleta mzio vitajwe, na inahusu pia chakula cha ndani ya ndege, lakini kwa safari zinazoanzia katika nchi wanachama. Safari ya kurudi huwa na jiko lingine, mji mwingine, na pengine sheria nyingine. Abiria aliyekula salama wakati wa kwenda hana sababu ya kuamini trei ya kurudia, hata kama herufi nne ni zile zile.

Ndiyo maana mimi naegemea upande wa kubeba chakula chako kwa safari nzima, pamoja na akiba ya saa kadhaa za kuchelewa. Nalisema nikijua gharama yake. Chakula kibichi, nyama na matunda huweza kukatazwa unapotua, kwa hiyo kinachobaki lazima kiachwe ndegeni. Wahudumu wengi hawaruhusiwi kukupashia moto chakula ulichokuja nacho. Na kubeba chako hakumaanishi kununua uwanjani. Mwaka 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate alioununua katika uwanja wa Heathrow kabla ya safari ya kwenda Nice. Ufuta ulikuwa ndani ya unga na lebo haikuutaja. Baba yake alimchoma sindano mbili za adrenalini, dawa ya dharura ya mshtuko wa mzio, ndani ya ndege. Sheria iliyopewa jina lake, inayodai orodha kamili ya viambato kwa chakula kilichofungwa papo hapo dukani, ilianza kutumika Uingereza Oktoba 2021. Kilichomdhuru hakikutoka kwenye toroli ya shirika la ndege.

Safari ndefu ina jambo jingine lisilosemwa sana: uchovu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kukosa usingizi hushusha kiasi cha karanga kinachotosha kuleta mzio. Kipande ambacho nyumbani kingekuwasha mdomo tu kinaweza kukufanyia zaidi usiku wa manane angani.

Kwa ajili ya mshtuko ukitokea, sindano mbili za adrenalini ziwe kwenye mkoba ulio chini ya kiti cha mbele. Kabati la juu liko mbali, na zikiwa shehenani hazina msaada wowote. Huchomwa pajani upande wa nje, hata juu ya suruali, na ya pili hufuata baada ya dakika 5 hadi 15 kama hali haijatulia. Vidonge vya mzio havizuii mshtuko. Jambo baya kuliko yote ni lile ambalo mtu mwenye kichefuchefu hulifanya bila kufikiri: kuinuka, kwenda chooni na kujifungia. Kusimama ghafla wakati shinikizo la damu limeshuka kunaweza kuua. Abaki chini, alazwe miguu ikiwa juu, au akae kidogo kama anapumua kwa shida, na mhudumu aitwe mara moja.

Hapa sasa nawageukia wenye ndege, kwa sababu kubeba chakula changu hakuwaondolei wajibu wao. Kwa miaka mingi kanuni za Marekani zimetaka ndege kubwa ziwe na adrenalini kwenye sanduku la dharura, lakini zimeruhusu iwe katika kichupa kinachohitaji mtu wa kupima dozi na kuivuta kwa bomba la sindano. Ni nani atafanya hivyo gizani, ndege ikitikisika, kama hakuna daktari miongoni mwa abiria? Sindano iliyo tayari, au adrenalini ya kupuliza puani ambayo Marekani iliiidhinisha Agosti 2024, mhudumu yeyote aliyefundishwa anaweza kuitumia. Mtu anayepata mzio kwa mara ya kwanza maishani hana mkoba wa dawa chini ya kiti. Tegemeo lake ni sanduku la ndege. Nguvu inayotumika kubishania pakiti za karanga ingeelekezwa kwenye sanduku hilo, na kwenye kuchapisha viambato vya kila trei pale tiketi inaponunuliwa.