Seli Shina za Hali ya Utayari Hazijaharibika

Mwaka 2014 maabara ya Rudolf Jaenisch huko Marekani na ya Austin Smith huko Cambridge zilichapisha, kila moja kwa njia yake, namna ya kuzirudisha seli shina za binadamu, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa aina nyingine za seli za mwili, kwenye hali ya awali, ile inayofanana na seli za kiinitete kabla hakijajipandikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Tangu hapo umejengeka mtazamo kwamba seli tulizozizoea ni za daraja la pili. Hizo ndizo alizozitoa James Thomson wa Wisconsin kwenye viinitete mwaka 1998, na ndizo zinazopatikana kwa kawaida kwa njia ya Yamanaka, ile ya kuzirudisha seli za mtu mzima, kama za ngozi, kuwa seli shina. Zinaitwa seli za hali ya utayari, maana zinafanana na kiinitete kilichokwisha kujipandikiza na kinachojiandaa kuunda mwili. Wanaozishusha hadhi wanashika orodha ya jeni: zipi zimewashwa, zipi zimezimwa. Naona orodha hiyo inabebeshwa mzigo usio wake.

Tofauti zenyewe hazina ubishi. Chini ya darubini, makundi ya seli za utayari yametandaa bapa kama chapati, kingo zake wazi kabisa. Za awali ni vilima vidogo vinavyong'aa, mara nyingi vimekaa juu ya tandiko la seli za panya zinazozilisha. Jeni za OCT4, SOX2 na NANOG zinafanya kazi pande zote mbili, ndiyo maana kwa miaka mingi aliyepima hizo peke yake hakuona tofauti. Ukiongeza KLF17, DPPA5 na TFCP2L1, pazia linafunguka: zinawaka kwenye seli za awali, na kwenye za utayari zimezimika au zinasikika kwa mbali. ZIC2 na DUSP6 zinakwenda kinyume chake.

Upande wa hali ya awali una hoja nzito, na haifai kuipunja. Seli hizi hugeuka kuwa seli za kondo la nyuma kwa wepesi ambao za utayari hazina. Mwaka 2021 kundi la Nicolas Rivron huko Vienna lilizitumia kuunda mifano ya blastosisti, yaani kiinitete cha siku chache kabla ya kujipandikiza, na zaidi ya 70% ya vibonge vya seli vilivyoandaliwa vilifikia umbo hilo. Anayetaka kujua kwa nini mimba nyingi huharibika katika siku za mwanzo kabisa hana malighafi bora. Pia, kwenye seli za awali za kike kromosomu zote mbili za X zinafanya kazi, kama ilivyo kwenye kiinitete kichanga.

Ila kuna takwimu moja ambayo hutajwa kama sifa na kuachwa hapohapo. DNA hubeba alama za methili, vibandiko vidogo vya kikemikali vinavyosaidia kuzima jeni. Kwenye seli za utayari, takriban 70% ya sehemu zinazoweza kubandikwa zimebandikwa. Kwenye za awali ni karibu 30%. Kwa kuwa kiinitete kichanga nacho kina alama chache, wengi huishia hapo: zimefanana, basi kazi imekwisha.

Haijaisha. Hiyo ni hesabu ya jumla, na jumla haisemi ni alama zipi zimefutika. Kiinitete hufuta kwa kuchagua. Kinaondoa sehemu kubwa ya vibandiko, lakini kinazilinda alama za wazazi, zile zinazoamua kwamba jeni fulani isomwe kutoka nakala ya baba tu au ya mama tu. Kuna protini zenye kazi hiyohiyo ya ulinzi, kama ZFP57 na ZNF445. Kwenye sahani ya maabara ulinzi huo ulishindwa. Mwaka 2016 kundi la Jaenisch, na kundi jingine la Los Angeles, walionyesha kwamba seli za awali zilizokuzwa kwa dawa zao zilikuwa zimepoteza alama hizo sehemu nyingi. Seli ziliporudishwa kwenye hali ya utayari, methili kwa ujumla ilirudi, ila alama za wazazi hazikurudi. Na hasara hii si ya kinadharia. Hitilafu za alama hizo karibu na jeni za H19 na IGF2 huleta ugonjwa wa Beckwith-Wiedemann, wa ukuaji uliopita kiasi, na kwenye kromosomu ya 15 huleta magonjwa ya Prader-Willi na Angelman, yanayoathiri ukuaji wa mtoto. Seli inaweza kuwa na KLF17 inayowaka vizuri, ikafaulu kila kipimo cha orodha, huku imepoteza kitu ambacho kiinitete chenyewe hakikipotezi.

Sehemu ya lawama ni ya mojawapo ya dawa hizo za kukuzia, inayozuia MEK, njia mojawapo ya kupeleka ishara ndani ya seli. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba kuipunguza kunasaidia seli kutunza DNA na kromosomu zake, kwa hiyo hali hii inaweza kuendelea kurekebishwa. Lakini hapo ndipo hoja yangu ilipo: inayohitaji kurekebishwa ni hiyo inayosifiwa kuwa safi.

Seli ya utayari, kwa upande wake, haijachakaa. Ina umri mwingine tu. Mwaka 2016 watafiti wa Kyoto walilinganisha jeni zake na za viinitete vya nyani, wakakuta inafanana na seli za kiinitete kilichokwisha kujipandikiza. Kila mmoja wetu alipita hapo. Seli za awali zenyewe, ukizitaka zikupe neva au misuli, hazijibu vizuri papo hapo. Inabidi kwanza zipevushwe kwa zaidi ya wiki hadi zikaribie utayari. Na mwaka 2014, huko Kobe, kundi la Masayo Takahashi lilipompandikizia mgonjwa seli za retina zilizotokana na ngozi yake mwenyewe, lilianzia kwenye seli za utayari.

Kasoro zake zipo. Kwenye mistari mingi ya kike (mstari ni ukoo wa seli zinazokuzwa kutoka chanzo kimoja), kromosomu ya X iliyozimwa huanza kuvuja baada ya kukuzwa muda mrefu: XIST, jeni inayoizima kromosomu hiyo, hupotea na jeni zilizofungwa hufunguka. Aidha HipSci, mradi wa Uingereza wa kukusanya seli shina zilizotengenezwa kutoka kwa watu wengi, uliopima mistari 711 ya watu 301, ulionyesha kwamba tofauti kati ya mtu na mtu peke yake hueleza 5% hadi 46% ya tofauti za seli hizi, kutegemea kinachopimwa. Anayelinganisha mstari mmoja wa awali na mmoja wa utayari wa mtu mwingine anaweza kuwa anapima ukoo, akadhani anapima hali.

Mhakiki anayemrudishia mtafiti wa neva makala yake kwa sababu seli zake hazina KLF17 anamdai kitu kisichohusika na neva. Amdai XIST, na uthibitisho kwamba kromosomu ni kamili. Na anayeleta seli za awali adaiwe H19 na kromosomu ya 15, alama kwa alama, si asilimia ya jumla.